Ukuta wa matofali ya saruji huzuia moto kwa muda gani?

Nyumba ikiungua usiku, mara nyingi asubuhi tunakuta kuta zimesimama huku paa, milango na samani vimeteketea. Ndiyo maana wengi wetu huamini kuwa tofali la saruji halishindwi na moto. Ni kweli kwamba haliwaki. Lakini je, linamlinda aliyelala chumba cha pili?

Wataalamu hupima uwezo huo kwa saa. Ukuta hujengwa mbele ya tanuri ambalo joto lake hufika takriban nyuzi 945 za Selsiasi baada ya saa moja. Huangaliwa mambo matatu: kama ukuta bado umesimama, kama moto au gesi zake zimepenya, na kama upande wa pili umepata joto. Joto la upande huo likipanda kwa wastani wa nyuzi zipatazo 140, ukuta umeshindwa hata kama hauna ufa, kwa kuwa vitu vilivyouegemea vinaweza kushika moto.

Unene ndio unaohesabiwa

Kwa mujibu wa majedwali yanayotumika Marekani, ukuta wa matofali ya kokoto za kawaida unahitaji unene wa milimita 71 ili uzuie moto kwa saa 1, milimita 107 kwa saa 2 na milimita 157 kwa saa 4. Matundu hayahesabiwi. Tofali la milimita 150 ambalo nusu yake ni uwazi ni sawa na milimita 75 tu, yaani saa moja na kidogo.

Moto hupita juu

Katika nyumba nyingi za kupanga na fremu za maduka, ukuta wa kati huishia usawa wa dari. Hapo moto hauna haja ya kupasua tofali. Hutoboa dari, hufuata mbao za kenchi chini ya bati, kisha humshukia jirani. Ukuta huo hata uwe mnene vipi, hautamsaidia.

Kwa hiyo unapojenga, mwambie fundi apandishe ukuta wa kati hadi kwenye bati, na matundu ya mabomba na nyaya yazibwe kwa saruji na mchanga, si kwa karatasi wala sponji.

Baada ya moto

Usiharakishe kuezeka upya juu ya kuta zilizoungua. Zege huanza kupoteza nguvu joto linapozidi takriban nyuzi 300, na kumwagiwa maji likiwa bado la moto huweza kuongeza nyufa. Ukuta ulioinama, wenye nyufa, au unaotoa mlio wa uvungu ukigongwa kwa nyundo, ukaguliwe kwanza na mhandisi. Kusimama kwake si ushahidi kwamba utabeba paa jipya.