Orkestra ya Philharmonie ya Berlin na Sauti Zake Zilizohifadhiwa

Katika Kiswahili cha Kongo, neno orkestra, tulilolipokea kutoka Kifaransa, humjia msikilizaji pamoja na magitaa, waimbaji na wacheza dansi. Kabla ya yote, basi, tunamwomba msomaji aiweke kando picha hiyo kwa muda. Orkestra tunayoizungumzia hapa ni jamii ya wanamuziki zaidi ya mia moja, wenye fidla kubwa na ndogo, filimbi, tarumbeta na ngoma, wanaokaa mbele ya mtu mmoja asiyepiga chombo chochote bali huwaongoza kwa fimbo nyembamba. Hata hivyo, picha ile ya kwanza isiwekwe mbali mno, kwa maana orkestra ya Berlin ilizaliwa jinsi zilivyozaliwa nyingi za Kinshasa: wanamuziki waligombana na mwenye bendi, wakaondoka.

Mwenye bendi huyo aliitwa Benjamin Bilse. Mwaka 1882 alitaka kuwapeleka wanamuziki wake Warsaw kwa garimoshi, tena katika mabehewa ya daraja la nne. Watu 54 walikataa, wakajitenga, na kwa muda mfupi wakajitambulisha kama bendi iliyokuwa ya Bilse, kama mtu aliyeachana na mumewe lakini bado anatumia jina lake. Ukumbi wao ulikuwa jengo lililotumiwa zamani kwa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Mwaka 1888 likakarabatiwa likawa Philharmonie ya kwanza. Kwetu sisi, jambo lenye uzito kuliko hayo ni kwamba walijitawala. Mwaka 1903 waliunda kampuni ambayo wenye hisa zake walikuwa wanamuziki wenyewe. Desturi ya kuamua mambo makubwa kwa kura, hasa uteuzi wa wanamuziki wapya, imedumu hadi leo, na tutaona kwamba kura nayo haikuwa na haki sikuzote.

Hans von Bülow, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1887, aliitia nidhamu. Arthur Nikisch alimfuata mwaka 1895, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1922, na ni katika enzi yake historia ya sauti iliyohifadhiwa ya orkestra hii inapoanza. Mnamo tarehe 10 Novemba 1913 Nikisch na wanamuziki wake walinasa Simfonia ya Tano ya Beethoven yote. Wengi huandika kwamba hiyo ndiyo simfonia nzima ya kwanza kuwahi kunaswa. Sivyo: kampuni ya Odeon ilikwisha kuitoa simfonia hiyo hiyo miaka michache kabla, ikiongozwa na Friedrich Kark. Makosa ya namna hii huenea kwa sababu jina kubwa huvuta sifa za majina madogo.

Msomaji asidhani kwamba kazi ile ilifanana na ya siku zetu. Mikrofoni haikuwapo. Siku zile wanamuziki walisongamana mbele ya pembe kubwa la bati, nalo lilipeleka mtetemo wa hewa moja kwa moja kwenye sindano iliyochora nta. Upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika nne tu, hivyo simfonia ilikatwa vipande vinane. Anayeisikiliza leo husikia kwanza mchakacho, kisha kitu mfano wa orkestra iliyo nyuma ya ukuta. Lakini mwendo wa Nikisch, anavyochelewesha na kuharakisha, unasikika wazi, na hakuna maandishi yangeweza kutupa habari hiyo.

Tuyapite haraka majina mengine ili tufike mahali penye uzito. Baada ya Wilhelm Furtwängler, aliyeipokea orkestra mwaka 1922 na kufariki mwaka 1954, alikuja Herbert von Karajan, aliyeiongoza hadi mwaka 1989. Yeye alielewa kuliko wengine wote kwamba msikilizaji wa kesho atakaa nyumbani kwake. Simfonia tisa za Beethoven alizozinasa mwaka 1961 na 1962 katika kanisa moja la Dahlem ziliuzwa pamoja katika kasha moja, na zikaingia nyumbani mwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Berlin. Mwaka 1963 ukafunguliwa ukumbi mpya wa Philharmonie, kazi ya msanifu Hans Scharoun, ambamo wasikilizaji huwazunguka wanamuziki pande zote. Mpiga fidla Madeleine Carruzzo alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa, mwaka 1982, yaani miaka mia kamili tangu ule mgomo wa mabehewa. Karajan alipotaka mpiga klarineti Sabine Meyer naye apokelewe, orkestra ilimkataa kwa kura 73 dhidi ya 4. Wajukuu wa wale waliodai kuheshimiwa na Bilse walijua pia kufunga mlango.

Sasa turudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1920 orkestra ilielemewa na madeni. Serikali ya Hitler iliposhika madaraka, wizara ya Goebbels ilizichukua hisa za wanamuziki, na kufikia mwaka 1934 kampuni ya watu huru ilikuwa mali ya dola. Kwa upande mmoja walipata mishahara ya uhakika na, vita vilipoanza, msamaha wa kwenda jeshini. Kwa upande mwingine, wenzao Wayahudi walilazimika kuondoka, akiwemo Szymon Goldberg, kiongozi wa wapiga fidla, mwaka 1934. Furtwängler hakuingia katika chama, na aliwatetea baadhi ya watu; lakini alibaki, akapiga muziki, na tarehe 19 Aprili 1942, mkesha wa siku ya kuzaliwa kwa Hitler, aliongoza Simfonia ya Tisa. Filamu iliyobaki inaonyesha Goebbels akimpa mkono. Mahakama ya kuwachunguza Wanazi ilimwachilia mwezi Desemba 1946. Sisi hatudai kumhukumu upya. Twasema tu kwamba utetezi wake kuwa sanaa iko mbali na siasa hauafikiani na filamu ile.

Hapa ndipo ufundi wa kunasa sauti unapoingia kwa namna ya ajabu. Mwaka 1940, katika redio ya dola mjini Berlin, Walter Weber aligundua njia ya kupunguza sana mchakacho wa utepe wa sumaku. Tamasha zima liliweza kunaswa bila kukatwa kila dakika nne, na fundi Friedrich Schnapp alizinasa nyingi za Furtwängler kwa njia hiyo. Ndiyo kusema kwamba sauti bora kuliko zote za wakati ule zilitoka kwenye mtambo wa propaganda. Ukumbi wa zamani ulipoteketezwa na mabomu tarehe 30 Januari 1944, tepe ziliokoka.

Mwaka 1945 Warusi walilikalia jengo la redio wakazipeleka nyingi Moscow. Baadaye kampuni ya Melodiya ilizitoa katika sahani, na wapenzi wa muziki wa Magharibi wakawa wananunua kutoka nchi ya Kisovieti sauti ya Berlin ya wakati wa vita. Nakala zilianza kurudishwa Berlin mwaka 1987. Hatimaye, mwaka 2019, orkestra yenyewe, ambayo tangu mwaka 2014 ina chapa yake ya kutolea sauti, ilitoa kasha la sahani 22 lenye matangazo ya redio ya miaka 1939 hadi 1945. Mwaka huo huo Kirill Petrenko, mzaliwa wa Omsk aliyechaguliwa kwa kura za wanamuziki mwaka 2015, alianza kuiongoza.

Tumeisikiliza ile Simfonia ya Tisa ya Machi 1942. Mwisho wake unakimbia kwa kasi ya kutisha, ngoma zikipigwa kana kwamba mtu anabomoa nyumba. Wako wahakiki wanaosikia humo maasi ya siri ya Furtwängler. Wengine wanasikia shangwe ya vita. Utepe haumsaidii yeyote kati yao, kwa kuwa haukunasa nia ya mtu. Lakini katika tamasha za miaka ile mna jambo jingine, nalo hatukulitarajia: wakati wa vipande vya taratibu, wasikilizaji wanakohoa. Ni kikohozi cha watu wa majira ya baridi, waliokaa na makoti yao gizani mjini Berlin, nacho kimehifadhiwa kwa uaminifu ule ule uliohifadhi Beethoven.