Ludo, kula kete, na rumeti aliyeninunia

Nimepotea kidogo, testi zimebana.

Basi bwana, juzi usiku baada ya msuli tukatandaza ubao wa ludo chumbani, watu wanne. Kete ya rumeti wangu ilikuwa imebakiza hatua tatu tu iingie njia ya nyumbani. Nikarusha dadu, ikaja nne niliyokuwa naiombea, nikamla! Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu sikuishia hapo, nikawa namfukuza yeye tu kila akitoka. Mnajua nani alishinda? Jamaa wa kitanda cha juu, ambaye hakula kete ya mtu hata moja. Na rumeti hajanisemesha tangu siku ile, chai anakunywa peke yake.

Ikaniuma. Nikajiuliza, huu mchezo ulitengenezwa ili tukimbilie nyumbani au ili tulane? Nikaingia kwenye historia yake.

Ludo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1896, lakini mama yake ni pachisi ya India. Pachis kwa Kihindi ni 25, alama kubwa unayopata ukirusha kauri na kuhesabu ngapi zimeangukia mdomo juu. Pale Fatehpur Sikri, mji wa mfalme Akbar wa karne ya 16, uwanja wa pachisi umechorwa chini kwenye mawe ya ua. Kitu kilichonishangaza ni kwamba pachisi ya kawaida huchezwa wawili kwa wawili. Mkishinda mnashinda pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kuchelewesha kete yake ili amlinde mwenzake. Kula kete ya adui kulikuwa ni kazi ya timu.

Waingereza wakaondoa kauri, wakaweka dadu moja, na kila mtu kivyake. Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Wastani wa dadu ni 3.5, kwa hiyo kete iliyotembea hatua 50 imekula mirusho kama 14. Ukiila, mwenyewe anapoteza yote hayo, na bado anaanza kusubiri sita ya kutokea, ambayo kwa wastani huja baada ya mirusho 6. Hasara kubwa sana! Lakini wewe uliyekula umepata nini? Hujasogea zaidi ya zile hatua nne zako. Mkiwa wawili, hasara yake ni faida yako. Mkiwa wanne, faida mnagawana na wale wawili waliokaa kimya, nao hawakutoa jasho wala hawakununiwa na mtu. Ndiyo maana jamaa wa kitanda cha juu alishinda.

Wenzetu Marekani, ambako pachisi iliuzwa kwa jina la Parcheesi tangu karne ya 19, waliliona hili. Kanuni yao inasema ukila kete unapewa hatua 20 za bure, na ukifikisha kete nyumbani unapewa 10. Yaani ukorofi unalipwa kuliko kufika! Wajerumani nao, mwaka 1910, Josef Friedrich Schmidt alianza kuuza toleo lake, Mensch ärgere Dich nicht, maana yake ni kama kusema "jamani usikasirike". Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipeleka mabao 3,000 kwenye hospitali za askari, na mchezo ukasambaa. Ona jinsi tatizo la rumeti wangu lilivyowekwa mpaka kwenye jina.

Dawa niliyoipenda zaidi ni ya mwaka 2011, King of Tokyo ya Richard Garfield. Mnakuwa madubwana, mnarusha dadu 6. Unashinda ukifika pointi 20, au ukibaki hai peke yako. Aliye ndani ya Tokyo akipiga, anawapiga wote walio nje. Walio nje wakipiga, wanampiga yeye tu. Akianza zamu yake akiwa bado ndani anapata pointi 2, ila moyo wa kwenye dadu haumponyi. Kwa hiyo huchagui wa kumwonea, nafasi uliyokaa ndiyo inakuchagulia. Hakuna wa kusema "kwa nini mimi tu?"

Ludo yetu haina kinga hiyo, kinga ni mchezaji mwenyewe. Kumla mara ya kwanza ilikuwa halali kabisa, alikuwa anaingia nyumbani. Kumfukuza mara ya tatu, wakati kete za yule mwingine zinapita mbele yangu, ulikuwa ujinga na uchokozi.

Leo jioni nanunua chapati mbili, moja yake. Halafu nitamwambia tucheze kihindi, mimi na yeye timu moja dhidi ya kitanda cha juu. Akikubali nitawajuza.

Haya, narudi kwenye desa. Tupo pamoja!