Mkanda wa dola 350 na sheria ya mwaka 1740

Duka la Barneys la New York lilipofungwa Februari 2020, wapenzi wa mitindo walilililia. Walikumbuka madirisha yake yaliyopambwa kila Krismasi, na wabunifu wa Ulaya ambao Wamarekani wengi waliwajua kupitia hapo. Wakasimulia tena habari za Barney Pressman, aliyeanza mwaka 1923 kwa kuuza suti za bei nafuu kwenye kona ya Seventh Avenue na mtaa wa 17, kwa mtaji ambao inasemekana ulitokana na pete ya uchumba ya mkewe iliyowekwa rehani. Yote hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini anayeisimulia historia ya Barneys akauruka mkanda mmoja wa suruali, amesimulia nusu tu.

Mkanda huo ulinunuliwa mwishoni mwa Aprili 2013. Mnunuzi alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 19, Mmarekani Mweusi, mkazi wa Queens, aliyekuwa akifanya kazi ya muda. Mshahara ulipoingia benki, alikwenda Barneys ya Madison Avenue, akachagua mkanda wa Salvatore Ferragamo wa dola 350 hivi, akalipa kwa kadi yake, akapewa risiti. Alipotoka tu nje alizuiwa na askari kanzu. Kwa mujibu wa madai aliyofungua mahakamani Oktoba mwaka huo, aliulizwa kijana kama yeye amepata wapi pesa za kununua kitu cha bei hiyo. Alionyesha risiti, akaonyesha na kitambulisho. Akaambiwa kitambulisho ni cha kughushi. Alifungwa pingu, akapelekwa kituoni, akawekwa kwa muda wa saa mbili hivi mpaka benki ilipothibitisha kwamba kadi ni yake. Aliachiwa bila shitaka lolote. Baadaye aliurudisha mkanda dukani.

Umepata wapi pesa? Swali hilo lilikuwa kwenye sheria za Marekani kabla ya nchi yenyewe kuzaliwa.

Septemba 1739 watumwa waliasi kando ya mto Stono, katika koloni la South Carolina. Mwaka uliofuata baraza la koloni lilipitisha sheria kali ya kuwadhibiti, na miongoni mwa vifungu vyake kimo kimoja kuhusu nguo. Kifungu hicho kilieleza kwamba watumwa wengi wanavaa mavazi yaliyozidi hali yao, na kwamba ili kuyapata wanatumia njia za hila na uovu. Basi kikataja vitambaa walivyoruhusiwa: sufu nzito, katani nene, kaliko za bei ya chini, na kile kilichoitwa waziwazi kitambaa cha Weusi. Askari wa eneo akimkuta mtumwa amevaa kizuri zaidi ya hapo, aliruhusiwa kumvua na kuichukua nguo iwe yake.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo. Sheria haikutaka ushahidi wa wizi. Ubora wa nguo ulitosha kuwa ushahidi. Wala haikumjali mtumwa aliyelima kibustani chake usiku, akauza mboga na mayai, akajinunulia shati. Mwili ukiwa mweusi na kitambaa kikiwa chororo, kosa limekamilika.

Pwani yetu haiwezi kuitazama habari hiyo kwa mbali. Marikani, kitambaa kigumu kilicholetwa Zanzibar katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, kilifumwa kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, kikaja kuwavisha watumwa wa Unguja na Pemba. Hapa napo mtumwa alijulikana kwa marikani na kaniki yake, kwa kichwa kisicho na kofia na miguu isiyo na viatu. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia kanga, kanzu na kofia, na wapo waliowasimanga kwamba wanajikweza.

Turudi Marekani. Mwanahistoria Louis Hyman alilikumbusha taifa lake kipande kilichosahauliwa pale kampuni ya maduka ya Sears ilipoomba hifadhi ya kufilisika, Oktoba 2018. Anaeleza kwamba baada ya utumwa, mkulima Mweusi wa kusini alibaki mikononi mwa mwenye duka la kijijini. Alikopa hapo hadi mavuno. Alisubiri mpaka wateja Wazungu wote wahudumiwe. Mwenye daftari la madeni ndiye aliyeamua huyu anafaa kununua nini: unga huu, si ule, gauni hili, si lile. Aliyetaka kizuri zaidi alionekana ana kiburi.

Kisha, mwishoni mwa karne ya 19, ikaja katalogi ya Sears kwa njia ya posta. Karatasi haina macho. Haikujua rangi ya mtu aliyeandika oda. Mkulima aliyeona haya juu ya mwandiko wake alielekezwa kuandika kwa namna yoyote aliyoweza, na kumpa oda mpeleka barua moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi ofisi ya posta ilikuwa ndani ya duka lilelile. Wenye maduka walikasirika. Katalogi zilikusanywa zikachomwa moto hadharani, na uvumi ukaenezwa kwamba Sears na mwenzake Roebuck ni watu Weusi, ili wateja Wazungu wakimbie. Kampuni ililazimika kuchapisha picha za waanzilishi wake kuthibitisha weupe wao. Ukweli ni kwamba Sears haikuwa kampuni ya ukombozi; ilitaka kuuza tu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu waliweza kununua shati bila kuulizwa wanajiona nani.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Katika maduka makubwa ya kusini mwanamke Mweusi alikatazwa kujaribu kofia au viatu kabla ya kununua. Mwaka 1934 wakazi wa Harlem waligomea duka la Blumstein's, kwenye mtaa wa 125, mpaka likakubali kuajiri wauzaji Weusi. Februari 1960, huko Greensboro, wanafunzi wanne walinunua vitu vidogo katika duka la Woolworth, wakatunza risiti, ndipo wakaketi kwenye kaunta ya chakula kuuliza kwa nini pesa yao inapokewa upande mmoja na kukataliwa upande mwingine.

Kwa hiyo madai ya yule kijana wa Queens yalipotangazwa, hayakuwa mageni kwa Wamarekani Weusi. Mwanafunzi wa uuguzi wa Brooklyn, mwenye miaka 21, naye alijitokeza: alinunua mkoba wa dola 2,500 Barneys hiyohiyo, akazingirwa na askari kanzu kwenye kituo cha treni. Mwigizaji Rob Brown akasimulia jinsi alivyofungwa pingu ndani ya duka la Macy's alipokwenda kumnunulia mama yake saa. Barneys ilisema wafanyakazi wake hawakuhusika. Polisi wakasema walifuata taarifa kutoka dukani. Mkuu wa Barneys, Mark Lee, aliomba radhi, akaenda Harlem kukutana na mchungaji na mtetezi wa haki za Weusi, Al Sharpton.

Kelele kubwa kuliko zote, hata hivyo, zilimwangukia Jay-Z. Mwanamuziki huyo aliyekulia katika nyumba za serikali za Marcy, Brooklyn, alikuwa tayari ameingia mkataba na Barneys kuuza bidhaa za msimu wa sikukuu, mapato yakienda kwenye mfuko wake wa kusomesha vijana. Maelfu walitia saini kumtaka ajitoe. Alisema kwanza anataka kuujua ukweli. Novemba akatangaza kwamba ataendelea, kwa sharti awe na sauti katika baraza la kushughulikia ubaguzi huo, na bidhaa zikaingia dukani tarehe 20. Wengi walimwita msaliti. Mimi naona walikuwa na haki ya kumdai zaidi, lakini inauma kwamba msanii mmoja alibanwa kwa ukali kuliko duka lililokuwa na walinzi na kamera.

Wakati huohuo ukazuka mjadala wa pili, na huo ndio unaonikera. Kwa nini kijana wa kazi ya muda atumie dola 350 kwa mkanda? Kwa nini mwanafunzi wa uuguzi abebe mkoba wa bei hiyo? Waliouliza walikuwemo Wazungu na Weusi, wengine kwa nia njema, wakihubiri akiba na kukemea anasa. Miezi michache kabla, Oprah Winfrey aliposimulia kwamba muuzaji wa Zurich alisita kumwonyesha mkoba wa bei kubwa mno, yapo maoni yaliyohukumu mkoba badala ya muuzaji. Akiba ni jambo jema. Ila kijana Mzungu aliyenunua mkanda uleule siku ileile hakutakiwa na yeyote kueleza bajeti yake. Anayeanza kukagua matumizi ya aliyefungwa pingu bila kosa ameshaikubali hoja ya mwaka 1740: kwamba nguo nzuri juu ya mwili mweusi inahitaji maelezo.

Agosti 2014 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eric Schneiderman, alimaliza uchunguzi. Ofisi yake ilieleza kwamba idadi ya Weusi na Walatino waliozuiwa Barneys kwa tuhuma za wizi au kadi bandia ilikuwa kubwa kupita kiasi. Duka lilikubali kulipa dola 525,000 na kuajiri mtaalamu wa kulisimamia. Siku chache baadaye Macy's ikakubali kulipa dola 650,000. Hiyo hiyo Macy's ilikuwa imelipa dola 600,000 mwaka 2005 kwa tuhuma za aina hiyohiyo.

Sasa kazi ya kushuku imeanza kukabidhiwa mashine. Desemba 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilichukua hatua ya kuizuia Rite Aid, kampuni ya maduka ya dawa, kutumia kamera za kutambua nyuso kwa miaka mitano, ikisema kamera hizo zilikosea zaidi katika maeneo ya Weusi na Waasia. Miongoni mwa waliozuiwa na kupekuliwa kwa makosa alikuwamo msichana wa miaka 11, na mama yake aliiambia kampuni kwamba alilazimika kukosa kazi kwa jinsi mtoto alivyofadhaika.