Louis Armstrong na Santuri Zake

Louis Armstrong alipofariki nyumbani kwake Corona, mjini New York, tarehe 6 Julai 1971, aliacha katika chumba chake cha faragha akiba ya kanda za sauti zipatazo 650, alizozinasa mwenyewe. Masanduku mengi ya kanda hizo alikuwa ameyapamba kwa picha alizozikata magazetini na kuzibandika kwa utepe wa kunata. Ulimwengu ulimjua mtu huyu kuwa mpiga tarumbeta na mwimbaji. Kanda zake zamwonyesha kuwa msikilizaji, tena msikilizaji ambaye mazoea yake hayakulingana na yale ya mashabiki waliomtukuza.

Alizaliwa New Orleans tarehe 4 Agosti 1901, kama inavyothibitishwa na hati ya ubatizo wake, ingawa yeye mwenyewe maisha yake yote alishika kuwa alizaliwa 4 Julai 1900. Katika ujana wake alikuwa na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, na uzeeni aliwahi kueleza ni santuri zipi alizokuwa nazo. Zilikuwamo za Original Dixieland Jass Band. Lakini zilikuwamo pia za Caruso, Galli-Curci na Tetrazzini, waimbaji wa opera, na za John McCormack wa Ayalandi, ambaye Armstrong alimsifu kwa jinsi alivyoipanga pumzi na maneno. Habari hii si ndogo. Mtu asikilizaye jinsi Armstrong anavyopanda hadi sauti ya juu na kuishikilia mwishoni mwa wimbo atakiri kwamba mafunzo hayo hayakutoka katika mitaa ya New Orleans peke yake.

Hizo santuri za Original Dixieland zina kinyume chake cha ajabu. Bendi hiyo ilikuwa ya Wazungu watupu, nayo ndiyo iliyotangulia kutoa santuri ya jazi, mwaka 1917. Basi kijana Mweusi, aliyekulia katika mji ulioizaa jazi na kuwasikia mabingwa wake wakipita barabarani, alipotaka kuinunua dukani aliipata kwa mikono ya wengine. Bendi ya King Oliver, mwalimu wake, ilipata nafasi ya kunasa santuri mwaka 1923 tu, huko Richmond katika jimbo la Indiana, na ndani yake Armstrong alikuwa mpigaji wa pili.

Wanunuzi wa kwanza wa santuri za Weusi walikuwa Weusi wenyewe. Baada ya Mamie Smith kufanikiwa mwaka 1920, makampuni yalianza kutoa mafungu maalumu ya santuri kwa ajili ya wateja hao. Zilinunuliwa, zikachezwa kwa sindano za chuma hata mifereji yake ikalika, zikavunjika, zikasahauliwa. Wala hakuna aliyewaita wenyewe wakusanyaji. Jina hilo waliitwa vijana, wengi wao Wazungu, waliokuja kuzitafuta miaka ya 1930 katika maduka ya vitu vikuukuu na nyumba kwa nyumba. Hata hivyo kazi yao haifai kubezwa. Karatasi ya santuri mara nyingi ilitaja jina la bendi tu, bila ya wapigaji, na ikabidi sikio litambue nani anapiga nini. Charles Delaunay alichapa Paris mwaka 1936 orodha kubwa ya santuri hizo, akiwapanga wapigaji na tarehe zao. Kwa wasomaji waliozoea kulinganisha nakala za tenzi, kazi hiyo si ngeni: wimbo mmoja ulipigwa mara mbili au tatu siku moja, kila mara kwa tofauti, na namba iliyochorwa karibu na kitovu cha santuri ndiyo ilionyesha ni nakala ipi.

Lakini aorodheshaye huchagua, na achaguaye huhukumu. Mwaka 1940 kampuni ya Columbia ilimpa kazi George Avakian, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, azitoe upya santuri za zamani za jazi. Zile za Hot Five, ambazo Armstrong alianza kuzinasa Chicago mwezi wa Novemba 1925, zikapata wasikilizaji wapya. Jambo hilo lilikuwa jema. Ila kwa wakusanyaji wengi lilizaa imani kwamba Armstrong wa kweli ni yule wa kabla ya 1929, na kwamba aliyefuata, mwenye kuimba nyimbo za mapenzi mbele ya bendi kubwa, ameuza kipaji chake.

Mwenyewe hakukubali mpaka huo. Alimpenda Guy Lombardo, ambaye bendi yake laini ya dansi wapenzi wa jazi waliicheka, na tangu 1928 hata uzeeni hakuacha kumsifu. Watetezi wake waliona haya, wengine wakadhani anatania. Hapana dalili ya utani: kanda zake zina opera, jazi, dansi, santuri zake mwenyewe, mazungumzo na vichekesho, bila ya kutenga daraja. Tangu aliponunua mashine ya kunasia sauti mwaka 1950, alisafiri nayo, na hotelini usiku baada ya kazi aliiwasha.

Neno lenyewe halikutii wakusanyaji popote. Katika Afrika ya Mashariki palikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, bendi za dansi ambazo mfuasi wa Delaunay asingeziingiza katika orodha yake. Kwa waliozipa majina hayo, jazi ilikuwa na maana ya bendi yenyewe na ala zake.

Katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa akiuguza maradhi nyumbani, Armstrong alirudia kuzipanga kanda na kuzipa namba upya, akiandika kwa mkono yaliyomo. Baada ya mkewe Lucille kufariki mwaka 1983 nyumba ilikuwa mali ya mji wa New York. Akiba ilihifadhiwa na chuo cha Queens, na nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2003. Gundi ya utepe imegeuka rangi na kuwapa wahifadhi kazi ngumu. Sauti zimesalimika. Zimo sehemu ambamo mwenye nyumba huweka santuri ya zamani, husubiri kidogo, kisha huchukua tarumbeta na kupiga pamoja nayo.