Kifo Kisichoulizwa

Nikiwa hapa Ulemo uzeeni, namkumbuka mwanafunzi wangu aliyekutwa amekufa kisimani. Tulisema, "Kazi ya Mungu," tukamzika jioni ileile.

Cheo cha mchunguzi wa vifo kilianza Uingereza mwaka 1194. Kwetu, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 ilishika nafasi ya ile ya kikoloni: kifo cha mashaka sharti kitolewe taarifa. Kenya ilitunga yake mwaka 2017; lakini miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa Shakahola kuanzia mwaka 2023, idara iliyoahidiwa ilikuwa bado haijaundwa.

Sheria isiyo na muulizaji ni karatasi tu. Siku ile ya kisimani, muulizaji nilipaswa kuwa mimi, mwalimu mkuu. Sikuuliza.