Mji Kasoro Bahari na Sauti ya Mbaraka

Wenyeji wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari". Kila kitu kipo: milima ya Uluguru imesimama nyuma ya nyumba, maji yanateremka, ndizi na mboga zinashuka vichwani mwa akina mama. Kimepungua kitu kimoja tu. Utani huo unanisaidia kumwelewa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwimbaji na mpiga gita ambaye mji huu umempenda kuliko wote. Morogoro ilikuwa na kila kinachohitajika kuzaa muziki. Vilivyokosekana ni kiwanda cha santuri na soko lake, na hivyo ilibidi avifuate mbali.

Kwa nini muziki ulistawi hapa? Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakaleta vibarua wa makabila mengi, na barabara zikagawanyika hapo, moja kuelekea Dodoma na nyingine Iringa. Mji ukajaa watu waliokuwa mbali na ngoma za kwao, wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na Kiswahili kama lugha ya pamoja. Watu wa namna hiyo walihitaji dansi. Santuri za Kikuba za lebo ya GV zilipoenea Afrika Mashariki, kijana mmoja wa Morogoro, Salum Abdallah, alizipenda hadi akatoroka kwenda Mombasa akiwa na nia ya kupanda meli ya kwenda Kuba. Kuba hakufika. Alirudi nyumbani akaunda bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba.

Mpinzani wake alikuwa Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Mbaraka alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari, na Juma Kilaza akashika uongozi wa Cuban Marimba. Upinzani haukufa. Ulimlazimisha kila mmoja atunge kingine kabla mwenzake hajamzidi, na nadhani ndiyo sababu mji mdogo ukaweza kusikika nchi nzima.

Mbaraka alikuwa na vipaji viwili ambavyo mara nyingi hugawanywa kwa watu wawili: aliimba, na yeye mwenyewe alipiga gita la solo. Wakamwita "Soloist National". Nikimsikiliza, nasikia sauti na gita vikizungumza kama ndugu wanaopokezana hadithi. Alitunga juu ya mapenzi na ugumu wa maisha, na pia juu ya mambo ya taifa. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa Siku ya Krismasi ya 1971, Mbaraka alimwimbia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1970, Morogoro Jazz ilikuwa imekwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Kijana wa mji usio na bahari alikuwa amevuka bahari.

Lakini sifa haikuwa mshahara. Mjini Dar es Salaam, NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Bendi za Morogoro zilitegemea kiingilio cha mlangoni. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, ila mji mmoja hauwezi kumtunza mtu kila wiki. Ilibidi gari lipakiwe vyombo, bendi iende mji mwingine, na mwingine tena.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Wimbo wake "Shida" ukavuma Tanzania na Kenya. Hapa ndipo upungufu wa bahari unapoonekana. Radio Tanzania ilirekodi bendi kwa ajili ya kurusha hewani, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Biashara ya santuri ilikuwa Nairobi. Kisha, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kwa mwanamuziki, uwanja wa nyumbani ukabaki upande mmoja na soko la santuri upande wa pili.

Mbaraka alikuwa upande wa pili alipokutwa na mauti. Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa na kufariki, akiwa na umri wa miaka 34. Kwa kuwa Salum naye alifia barabarani, ni rahisi kusema mji huu una mkosi. Mimi sikubali. Barabara ilikuwa ofisi yao. Anayeishi kwa kiingilio cha mlangoni husafiri mara nyingi kuliko wengine, na kila safari ni hatari. Tukiita jambo hilo mkosi, tunasahau gharama ya kazi yenyewe.

Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo ulioitwa "Ukumbusho". Jina zuri, lakini linaniuma kidogo. Maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu hadi mabomba ya Dar es Salaam; na sauti ya Uluguru nayo ilihifadhiwa kwenye kanda za redio Dar na kwenye santuri za Nairobi, huku mji wenyewe ukibaki na kumbukumbu za mdomoni.

Leo kijana wa Morogoro anaweza kumsikia Mbaraka kwenye simu yake. Asichoweza kukipata kwenye simu ni habari za ukumbi ulivyokuwa usiku wa Jumamosi: nani alikaa meza ipi, nani alihama Morogoro Jazz kwenda Cuban Marimba kwa hasira, wimbo upi ulirudiwa mara tatu. Hayo yamo vichwani mwa wazee waliocheza dansi lile, na hesabu ya miaka haiko upande wao. Simu inayocheza "Shida" ina pia kitufe cha kurekodi. Tuanze nao.