Mchezo wa watoto kama dawa, na nafasi ya wazazi

Katika kurasa hizi tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo tunaliona kila siku bila kulitazama: mchezo wa watoto wadogo. Tangu miaka ya 2000, hapa kwetu Kivu tumezoea kuona hema za mashirika ambamo watoto wanachora, wanaimba na kurushiana mpira, na tunaambiwa kwamba ile ni matunzo ya moyo. Wazazi wengine wanacheka: « Mutoto iko na njaa, bo banamupatia mupira! » Wengine wanasema ni mambo ya wazungu tu, wazee wetu hawakuyajua. Sisi tunafikiri kila mmoja ana haki nusu, na historia inaweza kutuonyesha ni nusu gani.

Tuanze na nyumbani. Nani kati yetu hakufunga mpira wa majani makavu ya migomba? Wasichana walibeba gunzi la muhindi mgongoni kama mtoto, wavulana walichonga chukudu ndogo ao walikunja nyuzi za chuma kuwa motokari. Na mchezo wa kupikapika, udongo ndani ya kopo, majani ndiyo sombe. Watoto walicheza ndoa, walicheza soko, walicheza hata matanga: panzi amekufa, wanamzika, wengine wanalia, wengine wanapokea wageni. Hakuna aliyeita ile dawa. Lakini mtoto aliyetoka kumzika mdogo wake, akacheza kilio siku tatu mfululizo, alikuwa anafanya kazi kubwa ndani ya moyo wake. Na hakuwa peke yake. Tate alikuwa pale karibu anachambua maharagi, macho kwenye maharagi, masikio kwa watoto. Mtoto akianza kukataa chakula ao kulia usiku, ni yeye alijua wa kwanza, ni yeye alimwita mama yake pembeni.

Tusiipambe sana ile zamani. Fimbo ilikuwako, na mbele ya wakubwa mtoto alinyamaza. Mzazi kuketi chini acheze na mtoto ilikuwa kama kujishusha heshima. Tunasema tu kwamba palikuwa na mtu wa kutazama.

Na wakubwa wenyewe hawakudharau vitu vidogo. Kwa Warega, ndani ya bwami, mtu alipanda cheo kwa kufundishwa na vitu ambavyo mgeni angeviita vya kuchezea: sanamu ndogo za mbao na za pembe ya tembo, mdomo wa ndege, magamba ya mnyama. Kila kimoja kilikuwa na methali yake, kilichezwa na kuimbwa, na mwanafunzi alielewa maisha kupitia mkononi. Serikali ya wakoloni ilikataza bwami, mara ya mwisho mwaka wa 1948, haikuona elimu ndani yake.

Wakoloni walikuwa na njia yao ya kusaidia wazazi. Katika Katanga, tangu miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao na watoto. Wamama wakaitwa kupeleka watoto kwenye mizani. Walifundishwa maziwa, sabuni, kushona. Hatukatai, watoto wengi waliokolewa. Lakini kilichopimwa ni kilo. Kama mtoto anacheza ao hachezi, hakuna aliyeandika kwenye karatasi. Mpaka leo mama akienda kwa munganga, ile swali haiulizwi mara nyingi.

Wakati uleule, kule Ulaya, wanganga wengine walianza kuuliza. Mwaka wa 1928 Margaret Lowenfeld alifungua kliniki yake London, akaweka sanduku la mchanga na vitu vidogo vingi: watu, nyumba, wanyama, miti. Mtoto asiyeweza kusema shida yake aliijenga mchangani, na watoto wenyewe wakaita ile kazi « dunia ». Inafaa kujua wazo lilitoka wapi: kwa mzazi. Lowenfeld alikumbuka kitabu cha mwandishi H. G. Wells cha mwaka wa 1911, juu ya michezo aliyocheza sakafuni na watoto wake wawili. Fundi alimwiga baba!

Kisha vita. London ilipopigwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kutunza watoto, na kati ya 1941 na 1945 waliandika yote waliyoyaona. Watoto walijenga nyumba kwa vipande vya mbao na kuzipiga mabomu, wakajenga tena, wakapiga tena. Lakini jambo kubwa waliloliona ni hili: kutenganishwa na mama kuliumiza mtoto mdogo kuliko bomu lenyewe. Aliyelala karibu na mama mtulivu alipita usiku wa mabomu vizuri. Mama akitetemeka, mtoto alitetemeka.

Hapa tunasimama kidogo, sababu sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa bomu ni nini. Mwaka wa 1994 wakimbizi walijaa Goma, mwaka wa 1996 vita vikaanza, makadogo wakabeba bunduki ndefu kuliko wao, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ukapita katikati ya mji. Ni katika miaka ile hema za watoto zilizoea kuonekana kwetu. Unicef ilikuwa imejaribu mfano wake mwaka wa 1999, kwa watoto waliokimbia Kosovo. Zilisaidia, tuseme ukweli: mtoto alipata mahali pa kupumua, na mama alipata saa mbili za kutafuta kuni bila hofu.

Ila hema inakaa na kambi. Mwezi wa pili 2025 kambi kubwa za kuzunguka Goma zilivunjwa, watu wakabeba mashiti yao, wakaenda. Animatere alibaki njia yake, mtoto akaenda na mama yake.

Ndiyo maana tunaona kazi ya Bernard na Louise Guerney, wa Marekani, inatuhusu kuliko nyingine. Mwaka wa 1964 walitangaza njia ambayo wenzao wengi waliona kama mzaha: badala ya fundi kucheza na mtoto, wafundishe wazazi wenyewe. Nusu saa moja kila juma, siku ileile, vitu vilevile. Mtoto ndiye anaongoza. Mzazi anatazama, anasema kile anachokiona (« naona huyu amejificha, anaogopa »), hamsahihishi, hamulizi maswali kama mwalimu. Mipaka ni michache: hatuumizani, hatuvunji vitu. Ile ni kazi ya tate na maharagi yake, ila imepewa saa na kanuni.

Kwetu, mtihani wa kwanza ni mchezo wa vita. Watoto wanashika vijiti, wanafunga bariere njiani, wanadai « makuta », mmoja analala chini amekufa. Mzazi anatoka mbio: « Acheni ile mchezo, mutatuletea balaa! » Tunamwelewa, yeye mwenyewe alisimamishwa kwenye bariere ya kweli. Lakini mtoto akikatazwa, haachi kuona ile picha, anaacha tu kuionyesha. Afazali kuketi pembeni na kutazama: nani anakufa kila siku, nani hafiki kumwokoa, mchezo unabadilika ao unazunguka palepale wiki nyingi? Ukizunguka bila kubadilika, na mtoto halali, hapo ndipo tutafute fundi.

Swali gumu ni saa. Mama anayetoka Birere jioni na beseni kichwani, bado hajapika, atatoa wapi nusu saa? Na yeye nani alimsikiliza juu ya mambo aliyoyaona? Lakini wamama wetu wana AVEC zao, wanakutana kila juma kuweka franga na kukopeshana, na wanajuana mpaka ndani ya nyumba. Pale, kabla sanduku halijafungwa, mmoja anaweza kusema mtoto wake alicheza nini wiki hii, na wengine wakamsikiliza.